Ngao, Pete na Upawa: Uhakiki wa Istilahi za Maungio ya Zoloto

Kuna sehemu ya mwili ambayo kila msemaji huitumia kila atamkapo neno, lakini akiulizwa jina lake husita. Sehemu hiyo ni zoloto, yaani kile kisanduku cha magegedu kilicho mbele ya shingo, chini ya mzizi wa ulimi na juu ya bomba la hewa. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki maneno yanayotumika kutaja maungio ya kisanduku hicho pamoja na tishu zinazoyashikamanisha. Rai yetu ni kwamba lugha yetu haina uhaba wa maneno ya kuifanya kazi hii. Kasoro imetokea kwa sababu maneno yametwaliwa moja moja, kila fani kwa wakati wake na kwa haja yake, pasipo mtu kuutazama mfumo mzima.

Tumechagua kuyapima maneno haya katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, kwa sababu mbili. Kwanza, Kishambaa ni lugha yenye toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana, na kazi hiyo hufanyika ndani ya zoloto, kwenye mojawapo ya maungio tutakayoyataja. Pili, rovu ni maradhi yanayojulikana sana katika nchi za milima, ambako mvua huyaosha madini joto kutoka ardhini. Rovu likikua sana hupasuliwa, na tezi inayopasuliwa imelala juu ya zoloto yenyewe. Mgonjwa aliyeteremka kutoka Mtae au Mlalo ana haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, ni kitu gani kitaguswa na kisu na ni hatari gani inaweza kumpata. Ikiwa istilahi zetu zimechanganyika, maelezo hayo nayo yatachanganyika, na idhini atakayoitoa itakuwa ya kitu asichokijua.

I. Jina la kitu kizima

Maneno yaliyopo ni mengi: koo, koromeo, kikoromeo, kongomeo na zoloto, na kwa upande wa njia ya chakula, umio. Msemaji wa kawaida huyatumia kwa kupokezana, wala hatuwezi kumlaumu, maana anayesema koo linamwuma hahitaji ramani. Hata hivyo, tofauti kubwa imekwishajulikana kwa watu. Mchinjaji afuataye sheria ya Kiislamu, ambaye hutakiwa kukata njia ya hewa na njia ya chakula pamoja, anazifahamu njia hizo mbili kwa mkono wake hata kabla hajaulizwa majina yake.

Tatizo huanza pale maneno haya yanapoingia darasani. Mwalimu wa fonetiki huiita h sauti ya koromeo, au sauti ya glota, na anachokusudia ni ule upenyo ulio katikati ya mikunjo ya sauti. Mwalimu wa biolojia akitaja koromeo huweza kukusudia ukumbi ulio nyuma ya kinywa, ambamo hewa na chakula hupita kwa pamoja. Mwanafunzi ni yule yule, siku ni ile ile, na neno ni lile lile, lakini sehemu mbili hizi hazikai mahali pamoja.

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha, na mwaka huo huo ikatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mwaka 2003 ikafuata Kamusi ya Tiba. Hizi ni kazi kubwa zinazostahili heshima, na yeyote aliyewahi kutafsiri waraka wa afya anajua deni tulilo nalo kwazo. Lakini zoloto imekaa mpakani mwa fani tatu. Mwanaisimu huitazama kama ala ya sauti, mwanabiolojia kama sehemu ya njia ya hewa, na tabibu kama mahali pa maradhi. Kitu kilicho mpakani huhitaji mkutano wa wenye mipaka, ama sivyo kila mmoja atakipa jina la kwake.

Kidakatonge ni mfano mwingine. Wako wanaolitumia neno hili kwa kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, ambacho pia huitwa kimio au kilimi. Wengine hulitumia kwa kifuniko kinachoilinda zoloto wakati wa kumeza. Neno lenyewe linatamka kazi yake, nayo ni kudaka tonge lisipite njia isiyo yake. Kazi hiyo ni ya kifuniko. Kwa hiyo twaona kimio kibaki kimio, na kidakatonge kiwe jina la kifuniko peke yake.

II. Nyuzi zisizo nyuzi

Istilahi iliyoenea kuliko zote katika uwanja huu ni nyuzi za sauti. Mwaka 1741 tabibu wa Ufaransa, Antoine Ferrein, aliilinganisha zoloto na ala ya muziki yenye nyuzi, na mfano wake ukageuka kuwa jina katika lugha nyingi za Ulaya. Kiswahili kiliupokea mfano huo kwa kupitia vitabu vya kufundishia, nao ukakaa vizuri masikioni kwa kuwa zeze nalo lina uzi.

Lakini ndani ya zoloto hamna uzi uliowambwa hewani. Kuna mikunjo miwili ya nyama laini, mmoja kulia na mmoja kushoto, inayotokeza kutoka kwenye kuta. Kila mkunjo umefunikwa kwa utando mwororo. Chini ya utando huo kuna tishu laini, kisha kigwe kinyumbufu, kisha msuli. Hewa ipitapo, mikunjo hupigana na kuachana mara 100 na zaidi kwa sekunde katika sauti ya kawaida ya mwanamume, na mara 200 hivi katika sauti ya mwanamke. Wataalamu wa Ulaya wenyewe siku hizi hupendelea kusema mikunjo.

Huenda msomaji akasema kwamba jina ni jina, na hakuna aliyepotea kwa sababu ya neno uzi. Hebu na tulitazame jambo hili kitandani kwa mgonjwa. Mtu aliyepasuliwa rovu anaweza kuamka na sauti iliyokwaruza au iliyofifia. Mara nyingi mikunjo yake ni mizima, na kilichopata madhara ni neva inayoiendesha. Akiambiwa kwamba nyuzi zake za sauti zina hitilafu, ataelewa kwamba zimekatika, maana uzi ukiharibika ndivyo unavyofanya. Na uzi uliokatika haurudi. Neva iliyovutwa au kuvimba huweza kupona baada ya miezi kadhaa. Neno moja limemwondolea mgonjwa matumaini aliyokuwa na haki nayo.

Kutumia neno mshipa badala ya neva hakutatui jambo. Mshipa kwa watu wetu ni wa damu, ni wa fahamu, na hata ni ngiri. Neva ni neno la kigeni, lakini limekwishazoeleka mashuleni na halina mwenzi wa kugombana naye. Hapa twaona mkopo ni bora kuliko neno la nyumbani lenye watoto wengi mno.

III. Kiungo na ungio, kano na kigwe

Neno kiungo limebebeshwa mzigo mkubwa. Viungo vya mwili ni mikono na miguu. Viungo vya uzazi ni sehemu za ndani na za nje. Viungo vya matamshi ni midomo, ulimi na meno. Viungo vya mchuzi ni iliki na mdalasini. Na bado twataka kiungo kiwe mahali ambapo mfupa hukutana na mfupa. Mwandishi akiandika viungo vya zoloto, msomaji hana njia ya kujua kama anatajiwa sehemu zake au mahali sehemu hizo zinapokutana.

Kutokana na kitenzi kuunga tunapata pia ungio na maungio, mahali vitu vinapoungana. Neno hili halina mzigo wa chakula wala wa mikono. Tunapendekeza ungio litumike kwa mahali pa kukutania mifupa au magegedu, na kiungo liachwe kwa sehemu nzima yenye kazi yake. Kwa njia hiyo mwalimu wa fonetiki ataendelea na viungo vyake vya matamshi bila kusumbuliwa, na tabibu atapata maungio yake.

Maungio makubwa ya zoloto ni jozi mbili, na yote ni ya namna ile inayozungukwa na kifuko chenye ute wa kulainisha. Ute huo huko Ulaya ulipewa jina na Paracelsus katika karne ya 16, na hudhaniwa kwamba alilitunga kwa kuufananisha na ute wa yai. Mswahili hakuhitaji kufundishwa mfano huo, kwani ute wa yai na ute wa ungio ni neno moja kwake. Maungio haya hupatwa na maradhi kama maungio mengine. Baridi yabisi ishambuliayo vidole huweza kuingia humo pia, ikamfanya mgonjwa akwaruze sauti au apumue kwa shida. Tabibu ambaye lugha yake haina neno la ungio la koo hatalitafuta ungio hilo.

Kuhusu tishu zinazofunga, neno kano limetumika kwa vitu viwili: kwa kile kinachounga msuli na mfupa, na kwa kile kinachofunga mfupa na mfupa. Mchuuzi wa nyama hajali, lakini mwanafunzi wa uganga hutahiniwa kwa tofauti hiyo. Tunapendekeza kano ibaki na msuli. Kwa kifungacho mfupa na mfupa, au gegedu na gegedu, tunapendekeza kigwe, wingi wake vigwe. Neno hili ni la kamba ndogo iliyosokotwa, na umbo lake ni dogo la ugwe. Kifungo lisingefaa, maana wasomaji wangefikiri ama shati ama gereza. Palipo na ngozi nyembamba iliyotandwa kati ya gegedu na gegedu, utando latosha.

IV. Ngao, pete na upawa

Majina ya kimataifa ya magegedu ya zoloto yanatisha kwa sikio: thairoidi, krikoidi, aritenoidi. Watu wengi huyachukua kwa heshima kana kwamba yana siri ndani yake. Yakifunguliwa, ni vyombo vya nyumbani vya Wayunani. Thairoidi ni lenye umbo la ngao, krikoidi ni lenye umbo la pete, aritenoidi ni lenye umbo la chombo cha kuchotea. Waliotunga majina hayo walifanya jambo ambalo fundi yeyote wa Kibondei au wa Kishambaa angelifanya: walitazama umbo, wakataja chombo walichokijua.

Nasi tuna ngao, tuna pete, na tuna upawa. Gegedu ngao ndilo kubwa, lililokunjika mbele na kufanya kongomeo linaloonekana shingoni mwa mwanamume. Gegedu pete liko chini yake, nalo ni pete ya muhuri hasa, nyembamba mbele na pana nyuma. Juu ya upana huo wa nyuma yamekaa magegedu upawa mawili, madogo, yenye kuzunguka na kuteleza, na kutoka kwayo vigwe vya sauti huenda mbele hadi ndani ya ngao. Tabibu anaweza kudai kwamba gegedu upawa hufanana zaidi na piramidi. Hatumpingi. Lakini jina la asili lilihitaji kufanana kwa mbali tu, na upawa ni neno ambalo mtoto wa shule ya msingi analo tayari.

Hapa tunataka kumwonya mtafsiri. Tezi inayofanya rovu huitwa dundumio, na kwa Kiingereza jina lake na la gegedu ngao ni moja, kwa kuwa tezi ilipewa jina la jirani yake. Mtafsiri anayefuata neno badala ya kitu ataandika dundumio mahali pote, na katika maelezo ya upasuaji gegedu litageuka kuwa tezi. Kiswahili kimebahatika kuwa na majina mawili kwa vitu viwili. Bahati hiyo isitupwe kwa ajili ya kufuata lugha iliyokosa.

Katika ungio la ngao na pete kuna jambo jingine linalohusu maisha. Neva kuu inayoendesha mikunjo ya sauti huingia zolotoni ikipita nyuma tu ya ungio hilo, na kwa mpasuaji wa rovu hiyo ni mojawapo ya alama za njia. Tena, mbele, kati ya ngao na pete, kuna utando unaoweza kuguswa kwa kidole. Mtu aliyezibwa njia ya hewa juu ya mahali hapo, akawa hana msaada mwingine, huweza kuokolewa na tabibu anayefungua utando huo. Barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto ni ya kona nyingi, na vijiji vingi viko mbali zaidi ya hapo. Mtumishi wa zahanati anayesikia maelekezo kwa simu anahitaji neno moja lisilo na shaka. Utando wa ngao na pete ni neno la namna hiyo, kwa sababu linataja mipaka yake lenyewe.

V. Kipimo cha toni

Istilahi njema ni ile inayomwezesha mtu kuona asichokiona hapo kabla. Na tujaribu hizi kwa darasa la Lushoto. Kiswahili sanifu hakitofautishi maneno kwa toni. Mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kishambaa hutumia toni, na kanuni zake ni tata kiasi cha kumshughulisha mwanaisimu David Odden katika makala aliyoyachapisha mwaka 1982. Kwa hiyo mtoto wa Kishambaa huja shuleni akiwa na ujuzi ambao mwalimu wake wa Kiswahili mara nyingi hana neno la kuutaja.

Mwalimu na amwambie mwanafunzi aweke ncha ya kidole mbele ya shingo, katika bonde dogo lililo kati ya gegedu ngao na gegedu pete, kisha aimbe sauti ya chini na kuipandisha. Atahisi bonde hilo linafinywa. Msuli umeikaza mbele ya pete kuelekea ngao, ungio limezunguka, upande wa nyuma wa pete umeinama pamoja na magegedu upawa, na vigwe vya sauti vimevutika. Kilichovutika hutoa sauti ya juu. Hiyo ndiyo toni, na maelezo yake yametimia kwa maneno sita ya Kiswahili: ngao, pete, upawa, ungio, kigwe, mkunjo. Jaribu kulieleza jambo hilo kwa nyuzi, viungo na koromeo, nawe utaona linavyokwama.

Jambo hili lina uzito wake hospitalini pia. Iko neva ndogo inayoulisha msuli huo wa toni, nayo huweza kuumia katika kupasua rovu. Aliyeumia hivyo husema bila kukwaruza, lakini hawezi kupandisha sauti kama zamani. Kwa mtu ambaye lugha yake ya kwanza ina toni, hiyo si hasara ya mwimbaji peke yake. Mgonjwa aulizwe, na aulizwe kwa maneno yanayotofautisha sauti iliyokwaruza na sauti isiyopanda.

VI. Asili ya neno na kukubaliwa kwake

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967, na desturi iliyofuatwa katika uundaji wa istilahi ni kuanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine. Usambara ina sehemu yake katika desturi hiyo. Neno kitivo, linalotumika leo kwa idara kuu za chuo kikuu, hutajwa kuwa limetoka kwa Wapare na Washambaa, na Kitivo ni jina la nchi tambarare yenye mashamba wilayani Lushoto. Kwa atakaye kuchimba zaidi, iko kamusi ya Kishambaa ya LangHeinrich ya mwaka 1921, na iko orodha ya maneno iliyopangwa kwa mafungu ya maana na Ruth Besha, iliyotoka mwaka 1993.

Lakini Usambara ina funzo lingine pia. Karl Roehl, aliyekuwa mmisionari katika milima hiyo na aliyechapisha sarufi ya Kishambaa mwaka 1911, alitafsiri Biblia kwa Kiswahili, Agano Jipya likatoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Alikusudia kupunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Ujuzi wake wa lugha haukuwa na shaka. Hata hivyo Biblia ya muungano iliyotoka mwaka 1952 haikuifuata njia yake, na maneno ya Kiarabu waliyoyazoea waumini yakabaki. Usafi wa asili haukutosha kulipitisha neno ambalo watu hawakulihitaji. Kwa sababu hiyo hatupendekezi neva ipigwe vita, wala tishu, wala glota. Tunapendekeza jipya pale tu ambapo la zamani linapotosha.

VII. Mapendekezo

(a) Zoloto: kisanduku kizima cha magegedu. Koo liachwe kwa mazungumzo ya kawaida. Koromeo kwa ukumbi ulio nyuma ya kinywa. Kongomeo kwa tokeo linaloonekana shingoni. Glota kwa upenyo ulio kati ya mikunjo.

(b) Kidakatonge: kifuniko cha zoloto peke yake. Kimio: kinyama kinachoning'inia kwenye kaakaa.

(c) Gegedu ngao, gegedu pete, gegedu upawa. Dundumio: tezi peke yake.

(d) Ungio (maungio): mahali pa kukutania mifupa au magegedu. Ungio la ngao na pete; ungio la pete na upawa.

(e) Kigwe (vigwe): tishu ifungayo mfupa na mfupa, au gegedu na gegedu. Kano: tishu iungayo msuli na mfupa. Utando: tishu nyembamba iliyotandwa.

(f) Mkunjo wa sauti: mkunjo mzima. Kigwe cha sauti: kigwe kilicho ndani yake. Nyuzi za sauti: liruhusiwe katika mazungumzo, lisitumike katika vitabu vya mafunzo wala katika hati za idhini ya upasuaji.

Tunaomba mapendekezo haya yasipokewe kwa heshima tu. Biolojia katika shule ya sekondari bado hufundishwa kwa Kiingereza, na wengine watauliza kuna haja gani ya kuyahangaikia majina ambayo mtihani hauyataki. Jibu letu ni kwamba hati ya idhini husainiwa na mgonjwa, na mgonjwa hakufanya mtihani huo. Walimu wa Lushoto na wayajaribu darasani, watafsiri wa wizara wayajaribu katika waraka mmoja, na tabibu amsomee mgonjwa wake kisha amwombe arudie kwa maneno yake mwenyewe. Neno litakaloshindwa mbele ya mgonjwa na liondolewe, hata kama sisi ndio tuliolileta.